Matundu Yasiyo na Namba

Picha iliingia saa nne usiku. Umeme ulikuwa umekatika na mvua ya masika inapiga bati kiasi kwamba sikusikia simu ikilia; niliona mwanga wake tu pale mezani. Karatasi nyeupe, duara jeusi katikati, na matundu kumi yametapakaa kama mtama uliomwagiwa kuku. Chini yake mdogo wangu ameandika: "Shikamoo kaka. Bado."

Bado.

Ilikuwa wiki ya tano. Niliinuka nifungue mlango wa uani nipate hewa, ukagoma. Nikausukuma kwa bega, kama ninavyousukuma kila masika, nikatoka kibarazani na simu mkononi. Nikaikuza ile picha kwa vidole mpaka tundu moja likajaa kioo kizima. Kingo zake zilikuwa zimechanika vizuri, duara safi. Risasi ilikuwa imeruka sawasawa, haikupinda njiani. Ilikwenda tu mahali ambapo haikutumwa.

Nimeandika na kufuta makala hii mara tatu tangu usiku ule. Bunduki ya mdogo wangu, iliyokuwa ikitawanya risasi, ilishapona. Kinachonisumbua ni zile wiki tano.

## Risasi za mkono

Mdogo wangu yuko Houston, Marekani. Kule mwindaji anaweza kujijazia risasi zake mwenyewe gereji kwake. Hapa kwetu Tanzania jambo hilo halipo: kwa sheria ya silaha ya 2015, kutengeneza risasi bila kibali ni kosa, kwa hiyo ninachoeleza ni cha kule na kibaki kule.

Kazi yenyewe inahitaji subira. Anakusanya maganda ya shaba ya risasi zilizokwisha pigwa, anayasafisha, anayarudisha kwenye umbo lake kwa mashine ya mkono yenye wenzo mrefu. Anaweka fataki mpya, ile inayowasha baruti, kitakoni mwa ganda. Anamimina baruti aliyoipima. Mwisho anakishindilia kichwa cha risasi mdomoni mwa ganda, kwa kina alichokichagua yeye. Wapo wanaofanya hivyo ili kupunguza gharama, lakini mdogo wangu anatafuta usahihi. Kila mtutu una chakula unachokipenda, na anayejaza mwenyewe anaweza kukitafuta hadi akipate.

Bunduki yake ni ya .308 Winchester, aina ya risasi iliyoingia sokoni mwaka 1952. Kichwa anachotumia kina uzito wa greni 168, karibu gramu 11. Mtutu umelazwa juu ya mbao nzuri ya rangi ya kahawia, na mbao hiyo ndiyo iliyomfanya ainunue. Alipokuwa Arizona, bunduki ilikuwa inakusanya: yadi 100, yaani mita 91, matundu yote ndani ya sentimita 3. Mwishoni mwa mwaka jana akahamia Houston kikazi. Januari akanunua mashine ya kujazia. Machi akaanza kunitumia picha, sentimita 8, sentimita 9.

Kilichobadilika kilionekana wazi. Zamani alikuwa akipiga risasi za dukani, sasa anapiga za kwake.

Tukaanzia hapo. Sote wawili.

## Nilivyomwongoza

Mimi ni mkereza vyuma. Miaka 26 nimesimama mbele ya mashine ya kukereza, sehemu kubwa ya miaka hiyo hapa hapa Tanga, nikitengeneza shafti, bushi na chochote kilichovunjika ambacho spea yake haipatikani. Mdogo wangu alinitafuta kwa sababu hiyo. Sijui kuwinda, lakini najua vipimo, na kwa vipimo nilijiamini.

Wiki ya kwanza nilimwambia aache kumimina baruti kwa kikombe cha kupimia, apime kila moja kwa mzani, tofauti isizidi sehemu moja ya kumi ya greni. Alifanya. Risasi 40, kila moja mzanini.

Wiki ya pili ikawa zamu ya maganda. Alikuwa amechanganya ya viwanda viwili, na ganda lenye ukuta mnene lina nafasi ndogo ndani, kwa hiyo baruti ile ile huleta msukumo tofauti. Akayatenga, akayapunguza shingo yawe na urefu mmoja.

Wiki ya tatu tulihangaika na kina cha kichwa. Ndani ya mtutu, mbele kidogo ya pale risasi inapokaa, ndipo inapoanza ile mitaro inayozunguka na kuipa risasi mzunguko wake. Umbali kati ya kichwa na mwanzo wa mitaro hiyo unaweza kubadilisha mambo, na tuliubadilisha kwa nukta ndogo sana, nukta za milimita ambazo mimi nazipenda kwa sababu ndizo maisha yangu ya kila siku.

Wiki ya nne nilimtaka azungushe kila risasi chini ya dayal geji, kipimo cha sindano, aone kama kichwa kimekaa wima. Akanunua kifaa. Akanitumia video, sindano inacheza kidogo tu, na nikafurahi kama mtoto. Niliitazama ile video zaidi ya mara moja.

Na kila wiki, katikati ya kazi hiyo, lilikuja kundi moja zuri. Risasi tatu ndani ya sentimita 3. Tunashangilia, tunasema tumelipata. Jumamosi inayofuata anapiga kumi, zinarudi kwenye tisa.

## Ushahidi uliotudanganya

Kuna jaribio moja ambalo kila mtu wa fani hii angelipendekeza, na mimi nililipendekeza pia: nunua boksi moja la risasi bora za dukani, zipige kwa bunduki ile ile, siku ile ile. Zikitawanya, tatizo ni bunduki. Zikikusanya, tatizo ni za kwako.

Alipiga tatu za dukani. Sentimita 2.8.

Hapo nilifunga kesi. Nakumbuka nilimwandikia, "Sasa tumejua," na nikaendelea kumpa kazi juu ya kazi. Yeye akajibu sentensi ambayo sikuitilia maanani usiku ule: "Basi ni mikono yangu, kaka."

Sikumjibu. Niliona ni maneno tu.

Sikumuuliza maswali mawili ambayo kijana wa mwaka wa kwanza pale karakana angeniuliza. Kwa nini za dukani ulipiga tatu, na za kwako kumi? Na mtutu ulikuwa katika hali gani ulipozipiga?

Jibu la la kwanza ni kwamba risasi za dukani ni ghali, akaona tatu zinatosha. Jibu la la pili ni kwamba alizipiga asubuhi, mwanzo kabisa, mtutu ukiwa baridi. Kisha akaingia kwenye zake, kumi mfululizo, hadi chuma kikawa hakishikiki. Tulilinganisha vitu viwili ambavyo havikusimama mstari mmoja.

Lile la idadi ya risasi lina hesabu yake, nami niliipuuza. Bunduki ile ile, risasi zile zile, mpigaji yule yule: kundi la risasi kumi kwa wastani huwa kubwa kuliko la risasi tatu kwa takriban mara moja na nusu au zaidi kidogo. Hakuna kilichoharibika. Kadiri unavyopiga nyingi ndivyo bunduki inavyopata nafasi ya kuonyesha ukingo wake halisi. Risasi tatu zinaweza kuangukia pamoja kwa bahati tu. Makundi yale mazuri yaliyokuwa yakitushangilisha kila wiki yalikuwa ya risasi tatu. Yote.

## Hesabu ya kibarazani

Usiku ule wa mvua nilikaa kibarazani, sina usingizi, nikafungua kikokotoo cha simu.

Tuseme baruti yake ni mbaya kweli. Tuseme risasi moja inatoka na kasi ya mita 800 kwa sekunde na nyingine mita 785. Hiyo ni tofauti kubwa; mtu anayepima kila chembe kwa mzani haifikii. Risasi inatumia karibu sehemu moja na kidogo ya kumi ya sekunde kufika yadi 100, na katika muda huo inashuka kama sentimita 7 kutoka kwenye mstari wa mtutu. Iliyopungua kasi inachelewa kidogo, inashuka zaidi kidogo. Kidogo kiasi gani?

Haifiki milimita 3.

Niliirudia hesabu. Milimita 3, na matundu yake yametawanyika sentimita 9. Ukienda yadi 500 hadithi ni nyingine, tofauti ile ile inakuwa karibu upana wa kiganja, na huko ndiko mzani wa baruti unakodai heshima yake. Lakini yeye hakuwa akipiga yadi 500. Hata nikiongeza kwamba mtutu hutikisika risasi inapopita, na kwamba kasi tofauti hukutana na mtikisiko mahali tofauti, bado sikuweza kuifikisha tisa.

Hesabu hiyo ingenichukua dakika tano mwezi Machi. Vitu vyote vilivyohitajika nilikuwa navyo. Sikuifanya kwa sababu tayari nilikuwa na mshtakiwa, na mshtakiwa huyo anapimika kwa vifaa ninavyovielewa. Hilo ndilo limenikaa rohoni wiki zote hizi. Nilimpeleka mdogo wangu mahali ambapo mimi ni hodari, wala sikumuuliza kama ugonjwa uko huko.

Mvua ilipopungua nilimwandikia ujumbe mmoja tu: "Jumamosi usinitumie karatasi. Nitumie mpangilio. Lipi lilikuwa la kwanza, lipi la pili, mpaka la kumi."

## Mwandiko

Sina uhakika kwa nini sikuomba hilo mapema, maana nilifundishwa. Nilipokuwa JKT Maramba, siku za shabaha, afande hakuwa akitusubiri tumalize ndipo aende kwenye ubao. Alikuwa akitaka kujua kila risasi ilikoangukia, kwa zamu, kwa sababu vijana kumi wanaweza kuwa na ubao mbovu unaofanana na kila mmoja ana sababu yake. Anayeogopa kishindo anavuta bunduki chini kabla haijalia. Anayepumua vibaya anapanda na kushuka.

Na bunduki nayo ina mwandiko. Darubini ya kulengea iliyolegea skrubu zake hurukaruka: hapa, kule, kisha inarudi hapa, bila utaratibu. Mdomo wa mtutu ukigongwa, risasi hutawanyika pande zote tangu ya kwanza. Upepo husukuma kulia au kushoto na hauna habari na juu. Lakini ukiangalia karatasi iliyokwisha, matundu yote yamekaa kimya pamoja, huwezi kuyasoma. Ni kama kupewa herufi za neno zikiwa zimechanganywa.

Jumamosi alikwenda na rafiki mwenye darubini ya mguu. Kila risasi ikitoka, rafiki anachora nukta kwenye karatasi ya pembeni na kuandika namba.

Ilipofika nilikuwa karakana. Nikazima mashine.

Moja, mbili na tatu zilikuwa katikati, zimegusana. Nne ilisogea juu kulia kwa kidole kimoja. Tano ikafuata njia hiyo hiyo. Sita. Saba. Ya kumi ilikuwa mwisho kabisa wa mstari, sentimita 9 kutoka ya kwanza.

Hazikuwa zimetawanyika. Zilikuwa zinatembea!

Nilimwambia apumzike nusu saa, mtutu upoe, kisha apige moja tu. Ikaangukia juu ya ile ya kwanza.

## Noti ya dola moja

Mtutu ukipata joto unatanuka. Ukiwa huru, umeshikwa nyuma tu na mbele hauguswi na kitu, unatanuka na kubaki pale pale. Ukiwa umeegemea kitu upande mmoja, kadiri unavyopata joto ndivyo kile kitu kinavyousukuma upande wa pili. Mtutu wake ulikuwa unasukumwa kwenda juu kulia. Kwa hiyo kulikuwa na kitu chini kushoto.

Kuna jaribio la zamani la wapiga bunduki wa Marekani, halihitaji kifaa. Unachukua noti ya dola, unaipitisha kati ya mtutu na mbao, unaivuta kurudi nyuma kuelekea kwako. Ikipita yote bila kushikwa, mtutu uko huru.

Alinipigia kwa video. Niliona vidole vyake vinaivuta noti taratibu, karatasi ya kijani inateleza chini ya chuma, inchi mbili, inchi tatu, kisha ikakunjamana. Akaivuta. Ikagoma. Akaitoa, akajaribu tena kutokea mbele, ikagomea pale pale, chini kushoto, kama inchi tatu kutoka ncha ya mbao.

"Arizona ilikuwa inapita," alisema. "Nakumbuka niliijaribu siku niliyoinunua. Ilipita."

Arizona ni kukavu. Houston hewa yake ni nzito, iko karibu na bahari, mtu akitoka nje shati linamganda mgongoni. Mbao ile ilikuwa imepakwa rangi nzuri kwa nje, lakini ndani ya mfereji ambamo mtutu unalala ilikuwa tupu, haikuzibwa na kitu. Ilikunywa unyevu miezi mitano. Ikavimba. Ikagusa.

Nilikaa juu ya kasha la zana. Mimi ninaishi Tanga. Mlango wangu wa uani hufunguka kwa kidole mwezi Januari, na mwezi wa nne naufungua kwa bega. Nimeuranda masika tatu. Usiku ule ule wa picha ya mwisho niliusukuma mlango huo ndipo nikatoka kwenda kufikiria baruti.

## Mikono yake

Alifungua skrubu mbili, akautoa mtutu, akafunga msasa kwenye kipande cha bomba na kuusugua mfereji mpaka noti ikapita ikiwa imekunjwa mara mbili. Akapaka vanishi ndani, mikono mitatu, akiacha kila mmoja ukauke. Akarudisha skrubu kwa spana ya kupimia mkazo, si kwa kukisia. Kazi ya jioni mbili.

Jumamosi alipiga kumi mfululizo, risasi za kwake. Sentimita 4 kasoro kidogo, namba zimechanganyika vizuri, nane iko karibu na mbili, tano imekaa peke yake chini. Mtu asiyejua ataona nne ni mbaya kuliko ile 2.8 ya dukani. Kumbuka idadi. Kundi la kumi la sentimita 4, ukilipunguza kwa kiwango cha tatu, linaangukia kwenye 2.5 hivi. Risasi zake zilikuwa nzuri. Zilikuwa nzuri tangu mwezi Machi.

Nilitaka kumwambia hivyo kwa ujumbe, nikaona haifai, nikapiga simu.

Huyu mtoto alipenda mambo haya kabla hajawahi kushika bunduki. Tulipokuwa wadogo wazee wakisimulia vita vya Tanga vya Novemba 1914, wengine tulitaka habari za nyuki walioshambulia majeshi. Yeye alitaka kujua kwa nini bunduki za askari wengi wa upande wa Wajerumani zilitoa moshi mzito. Aliuliza hadi akajibiwa: walikuwa na Mauser za mwaka 1871, zinazotumia baruti nyeusi, wakati Wafaransa walishagundua baruti isiyo na moshi mwaka 1884. Alikuwa na miaka tisa. Akaandika kwenye daftari lake la hesabu, ukurasa wa nyuma.

Nilimwambia, "Zile risasi zako hazikuwa na kosa. Mimi ndiye niliyekupoteza."

Alinyamaza kidogo. Akasema alikuwa ameshapiga picha ile mashine ya kujazia, ameandika na tangazo la kuiuza, bado kubonyeza tu. Alisema aliwaza kwamba labda hana mkono wa kazi kama mimi, na kwamba ni aibu kwa mtu wa ukoo wetu. Alilisema bila kulalamika, kama mtu anayesimulia homa iliyokwisha. Nikamwomba radhi. Akasema, "Kaka, usiseme hivyo," nami nikarudia, kwa sababu nilitaka liwe limesemwa.

Karibu risasi 200, na Jumamosi tano. Hayo nayahesabu. Usiku mmoja wa mtu aliye peke yake gerejini, anatazama mikono yake, huo sijui niuhesabu vipi.

Kabla hatujakata simu aliniuliza kama zile kazi za wiki nne zilikwenda bure, mzani na maganda na dayal. Nilimwambia siku akienda yadi 500 zitamlipa. Lakini sikutaka kulifanya hilo liwe faraja yangu, nikabadilisha mazungumzo.

Jana asubuhi jua lilitoka kidogo. Nilichukua randa nikaenda kwenye mlango wa uani, nikaushusha kutoka kwenye bawaba na kuulaza juu ya vigae. Juu na pembeni una rangi nzuri. Nikaugeuza nitazame ukingo wa chini, ule unaokaa karibu na maji ya mvua. Mbao tupu. Tangu umetundikwa hapo haujaguswa na brashi.

Nikaiweka randa chini. Vanishi haishiki kwenye mbao mbichi. Kopo liko juu ya kabati, nasubiri mvua ziishe.